Istikhara Hatua kwa Hatua: Kumkabidhi Mwenyezi Mungu Jambo Usilolijua Mwisho Wake

Kwenye mwalo wa wavuvi wa Kibirizi, Kigoma, mtu akisema "nimetawakali tu", wenzake wanaelewa kwamba ametia fedha mahali bila kupiga hesabu na sasa anasubiri kitakachotokea. Neno limegeuka. Tawakali ya asili ni ya mtu aliyekwisha kufanya lake lote, akajua kwamba lililobaki halimo mkononi mwake, akamkabidhi Mwenye nalo. Upande wa pili yuko asiyetawakali hata kidogo: ana hesabu nzuri, ana uzoefu, anaamini kichwa chake kimeona kila kitu. Qur'ani inamtaja Karuni, tajiri wa kaumu ya Musa, aliyesema mali yake ameipata kwa elimu aliyo nayo (28:78). Inawataja pia Waislamu wenyewe siku ya vita vya Hunayni, mwaka wa 8 wa Hijra, walipopendezwa na wingi wao na wingi huo usiwafae kitu (9:25).

Istikhara imewekwa katikati ya watu hawa wawili. Neno lenyewe limetoka kwenye shina moja na maneno tunayoyatumia kila siku: kheri na hiari. Kufanya istikhara ni kuswali rakaa mbili na kuomba uchaguliwe lililo la kheri, yaani kuirudisha hiari yako kwa Aliyekupa. Jabir bin Abdillahi amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani, hadithi imo katika Bukhari. Angalia: katika mambo yote. Haikufundishwa kwa ajili ya ndoa peke yake, ingawa huku kwetu wengi huikumbuka posa ikishafika mlangoni.

Jambo moja lieleweke kabla ya hatua yoyote, kwa kuwa makosa mengi yanaanzia hapo. Istikhara haileti habari za kesho. Humwombi Mungu akuoneshe mwisho wa jambo. Unamwomba auongoze mwisho huo, nawe ukiwa huujui.

Hatua ya kwanza: je, jambo lenyewe linaingia?

Istikhara ni ya mambo yaliyo halali ambayo kuyafanya na kuyaacha vyote vinajuzu, au ya kuchagua kati ya mawili yote mazuri. Hakuna istikhara ya kuswali au kutoswali, wala ya kulipa deni lililofika muda wake, wala ya kumtunza mama mgonjwa. Na hakuna istikhara ya haramu. Mwenye uwezo wa Hija haswali kuuliza aende au asiende. Anaweza kuswali kuhusu aende mwaka huu au ujao, na asafiri na kundi lipi.

Mkoani Tabora hatua hii ina uzito wake. Mkulima wa Urambo au Kaliua anayefikiria kuingia mkataba wa tumbaku kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ana maswali mawili ya hukumu kabla ya swali la faida. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaharamisha uvutaji, na wapo wanaoipeleka hukumu hiyo hadi kwenye kilimo chake. Na mkopo wa pembejeo unaweza kuwa na riba ndani. Maswali hayo hupelekwa kwa mwanachuoni unayemwamini, uso kwa uso, na karatasi ya mkataba mkononi. Asije mtu akaswali rakaa mbili ili akwepe jibu ambalo shehe wa msikitini kwake angempa kwa dakika tano. Hukumu kwanza, istikhara baadaye.

Hatua ya pili: liandike kwa sentensi moja

Chukua karatasi. Andika jambo kwa sentensi moja yenye kitendo, kitu, mtu na tarehe. "Nataka mambo yangu ya biashara yanyooke" ni dua nzuri, lakini haina cha kufungukia wala cha kufungia. "Ninunue nusu ya chombo cha dagaa cha jirani yangu pale Katonga kabla ya mwisho wa mwezi ujao": hilo ni jambo. Vivyo hivyo, usiandike "nioe au nisioe". Andika nani, na kwa mpango upi: utaishi naye Ujiji kwa wazazi au utapanga chumba mjini?

Ukiona sentensi inakataa kuwa moja, basi una mambo mawili. Yatenganishe. Mtu anayetaka kuacha kazi ya ualimu Kasulu ili akafuge nyuki Sikonge ana jambo la kuacha kazi na jambo la nyuki. La pili linaweza kuanza bila la kwanza, kwa mizinga michache wakati wa likizo. Kuyafunga pamoja ndiko kunakomkosesha usingizi.

Tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Jambo lisilo na siku ya mwisho hugeuka istikhara ya miaka miwili, na huko ndiko kuogopa kunakojificha nyuma ya mswala.

Hatua ya tatu: fanya kazi yako

Mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwache huru na kutawakali, akajibiwa amfunge na atawakali. Hadithi imepokewa na Tirmidhi. Kumfunga ngamia wa Kigoma ni kupiga hesabu ya ziwa.

Tubaki na mfano wa chombo cha dagaa, maana una mafunzo mengi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa haung'ari, hauwavuti tena, na vyombo hukaa ufukweni. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, na katika hizo kuna kundi la usiku ambalo si la kazi. Anayepiga hesabu ya usiku 30 kwa mwezi ameshajidanganya kabla hajaswali. Kisha kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi mitatu kamili. Hesabu ya mwaka lazima iulize: ziwa likifungwa, familia inakula nini, na wavuvi wangu watarudi kwangu likifunguliwa?

Baada ya hapo nenda kwenye chombo chenyewe. Mbao za chini na kalafati vikaguliwe chombo kikiwa nchi kavu, kisiwe kinaelea. Injini ifunguliwe na fundi wako, asiwe wa muuzaji, na karatasi zake zionwe. Nyavu zitandazwe zote chini. Wavu uliokunjwa huficha matundu. Uliza mgao: likitolewa la mafuta, mwenye chombo anachukua ngapi na wavuvi ngapi? Na hasara ya wavu uliochanika ni ya nani? Uliza leseni ni ya nani na inaisha lini. Mkataba wa ubia uandikwe, mbele ya mashahidi wawili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani (2:282) inahusu kuandikiana madeni, na si bure.

Kwa posa, kazi yako ni kuulizia dini, tabia, deni na afya, na kuwauliza majirani badala ya ndugu tu. Kwa kuhama, ni kwenda kulala huko japo siku tatu. Kwa shamba, ni kulitembelea wakati wa kiangazi na wakati wa masika, na kuuliza serikali ya kijiji nani mwingine anadai mpaka.

Hatua ya nne: waulize watu, wasizidi watano

Khalifa Umar alipokuwa akienda Sham, yaani upande wa Syria, alifika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Ni ile iliyokuja kujulikana kama tauni ya Amwasi. Akawaita Muhajirina, waliohama kutoka Makka, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, wakatofautiana vilevile. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na kauli moja: rudi na watu. Akaazimia kurudi. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdurahmani bin Aufi, ambaye hakuwepo wakati wa shauri, akasema ameisikia hadithi ya Mtume inayokataza kuingia nchi yenye tauni na kukataza kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akageuka.

Tazama alivyofanya. Hakuuliza umati mzima kwa pamoja. Aliita kundi baada ya kundi. Hakuogopa kutofautiana kwao. Na elimu iliyothibitisha uamuzi ilitoka kwa mtu ambaye hata hakuwepo kwenye kikao.

Kwa jambo la kawaida watu watatu wanatosha: mmoja aliyelifanya na kufanikiwa, mmoja aliyelifanya likamshinda, na mmoja anayekujua wewe kuliko anavyolijua jambo. Wa pili ndiye anayesahauliwa. Mwalo mzima utakuonesha aliyejenga nyumba kwa dagaa. Aliyeuza injini kwa bei ya chuma chakavu anakaa nyumbani na hakuna anayemwendea. Mwendee. "Shikamoo mzee. Nataka kuingia ubia wa chombo, nimekuja unikanye." Neno "unikanye" lina kazi yake: ukimwomba mtu akushauri atakupa moyo, ukimwomba akukanye atakueleza palipombomokea.

Usimuulize muuzaji, wala dalali, wala mjomba anayengoja fungu lake. Na ukishawauliza watano acha. Mtu wa sita unamtafuta akuunge mkono tu.

Wanazuoni wamehitilafiana kama shauri la watu litangulie istikhara au lifuate. Sisi tunapendekeza litangulie, kwa sababu ya kivitendo: unaposimama kwenye mswala jambo linakuwa limekwisha kuchujwa. Na mpangilio wa aya (3:159) unaelekea huko: washauri watu, na ukishaazimia, mtegemee Mwenyezi Mungu.

Hatua ya tano: ulegeze moyo

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na haina rakaa. Istikhara ya mtu aliyekwisha kuamua ni kama kumuuliza mama mkwe kama umefanya vizuri baada ya harusi. Mwenye kuswali istikhara huku ametoa kianzio, ametangazia watu, na ameshapiga picha na injini, anaomba muhuri.

Kipimo ni hiki. Jiulize: likikwama kesho asubuhi, nitafanya nini? Ukiwa na jibu la utulivu, hata kama ni la majonzi, uko tayari. Ukijikuta unapanga namna ya kulikwamua kwa lazima, bado. Ngoja siku mbili, funga Jumatatu au Alhamisi, toa sadaka kidogo, kisha jipime tena. Bibi Zainabu binti Jahshi alipoletewa posa ya Mtume mwenyewe (s.a.w.) alisema hafanyi lolote mpaka atake shauri kwa Mola wake, akaenda mahali pake pa kuswalia; imo katika Muslim. Posa hiyo nani angeikataa? Bado aliiswalia.

Kwa hiyo wakati wa kuswali ni kabla ya kianzio, kabla ya barua ya posa, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Ukichelewa, swali hata hivyo, ila ujue moyo utakuwa mzito zaidi.

Hatua ya sita: rakaa mbili, na jua la Kigoma

Tawadha vizuri. Swali rakaa mbili za sunna kwa nia ya istikhara. Nia iko moyoni, haihitaji maneno. Baada ya Al-Fatiha soma sura uijuayo. Imamu Nawawi amependekeza Al-Kafirun katika rakaa ya kwanza na Al-Ikhlas katika ya pili. Hadithi yenyewe haikutaja sura, kwa hiyo asiyezihifadhi asome nyingine. Rakaa ziwe zisizo za faradhi. Ukitia nia ya istikhara ndani ya sunna uliyozoea, kama ile ya baada ya Adhuhuri, wapo wanazuoni wanaosema inatosha, mradi nia iwepo tangu mwanzo. Ukikumbuka baada ya salamu, simama uswali nyingine. Ni dakika nne.

Wakati bora ni theluthi ya mwisho ya usiku, lakini saa yoyote inafaa isipokuwa zile zilizokatazwa kwa sunna: baada ya Alfajiri mpaka jua lipande kiasi cha mkuki, yaani dakika 15 hadi 20 tangu lichomoze, jua linapokuwa utosini, na baada ya Alasiri mpaka lizame. Wafuasi wa Shafii, ambao ndio wengi kwetu, huziruhusu nyakati hizo baadhi ya swala zenye sababu, lakini sababu ya istikhara huja baada yake, kwa hiyo haimo.

Hapa kuna kosa ambalo wageni wengi wa mkoa hulifanya. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi kumi za longitudo, nazo saa za ukutani ni zilezile. Jua la Kigoma hufika kila mahali kama dakika 39 baada ya kufika hapo hapo Dar. La Tabora, kama dakika 26. Mtu anayetumia ratiba ya Dar aliyoibandika ukutani anaweza kudhani jua limekwisha kupanda, kumbe milima ya mashariki ya mji bado haijalitoa. Kwa Kigoma jua huchomoza kati ya saa 12:35 na saa 1:10 asubuhi kufuatana na mwezi, na huwa utosini kati ya saa 6:45 na saa 7:15 mchana. Tumia ratiba ya msikiti wa mtaani, au rekebisha mahali kwenye programu ya simu.

Mwanamke aliye katika hedhi au nifasi haswali, lakini asiache jambo limpite: anatawadha akipenda, anaelekea kibla, anaomba dua peke yake. Aliye safarini, tuseme yuko kwenye treni kati ya Tabora na Kigoma na simu imeita ikitaka jibu, anaweza kuswali sunna amekaa kitini, akiashiria rukuu na sujudu kwa kuinama, ya sujudu ikiwa chini zaidi.

Hatua ya saba: dua, kipande kwa kipande

Ukishatoa salamu, msifu Mwenyezi Mungu, mswalie Mtume, inua mikono na uombe. Kusoma kwenye karatasi inafaa. Asiyeweza Kiarabu na aombe kwa Kiswahili au Kiha au Kinyamwezi, akijifunza maneno ya Mtume taratibu.

Kipande cha kwanza: "Allahumma inni astakhiruka bi'ilmika, wa astaqdiruka biqudratika, wa as'aluka min fadhlikal-adhim." Ewe Mola, nakuomba unichagulie kwa ujuzi wako, uniwezeshe kwa uwezo wako, na nakuomba katika fadhila zako kubwa. Angalia yanaombwa matatu: kuchaguliwa, kuwezeshwa na kuongezwa. Watu wengi huomba la kwanza tu, kisha hushangaa kwamba wameoneshwa njia na miguu haina nguvu.

Cha pili: "Fa innaka taqdiru wala aqdiru, wa ta'lamu wala a'lamu, wa anta allamul-ghuyub." Wewe unaweza nami siwezi, unajua nami sijui, nawe ni Mjuzi wa yaliyofichika. Ukifika hapa usikimbie. Kama una karatasi yako ya hesabu, hapa ndipo inapowekwa chini.

Cha tatu: "Allahumma in kunta ta'lamu anna hadhal-amra" (taja jambo lako, ile sentensi moja) "khayrun li fi dini wa ma'ashi wa aqibati amri, faqdurhu li wa yassirhu li, thumma barik li fihi." Ikiwa unajua jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na hatima yangu, nikadirie, unirahisishie, kisha unibarikie humo. Mpangilio ni dini, kisha maisha, kisha hatima. Chombo chenye faida kinachomfanya mtu aache swala kimeanguka kwenye kipimo cha kwanza kabla ya kufika cha pili.

Cha nne: "Wa in kunta ta'lamu anna hadhal-amra sharrun li fi dini wa ma'ashi wa aqibati amri, fasrifhu anni wasrifni anhu, waqdur liyal-khayra haythu kana, thumma ardhini bihi." Na ikiwa unajua ni shari kwangu, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Hapa pana kuepushwa kuwili. Jambo huweza kuondoka na moyo ukabaki nalo: posa imevunjika, binti ameolewa Uvinza, na kijana bado anaangalia picha za simu yake kila usiku. Ndiyo maana inaombwa jambo liondoke kwangu, na mimi niondoke kwenye jambo.

Funga kwa kumswalia Mtume. Mara moja inatosha. Kurudia kunajuzu, wengi husema hadi mara tatu, kwa kuwa Mtume alizoea kurudia dua mara tatu. Ile hadithi maarufu ya mara saba wataalamu wa hadithi wameidhoofisha.

Hatua ya nane: songa mbele

Ukimaliza, usilale kungoja. Hili tulikazie. Hadithi haikutaja ndoto, haikutaja rangi. Nyeupe na kijani kuwa ndiyo, nyekundu na nyeusi kuwa hapana, ni desturi za watu. Ndoto njema ni bishara, lakini aliyelala na wali wa maharage tumboni asijenge nyumba juu ya alichokiona. Wala si lazima kulala. Unaweza kuiswali saa nne asubuhi na kwenda kazini.

Jibu huja katika mwenendo wa jambo. Fanya hatua inayofuata, ile ndogo kabisa: piga simu, omba karatasi za injini, peleka mshenga kuulizia tu. Likifunguka na moyo ukatulia, ongeza hatua. Likikwama, tazama limekwamaje.

Kutofautisha mlango uliofungwa na ugumu wa kawaida kunahitaji kipimo, na hiki ni cha kwetu, si cha hadithi. Kizuizi kinachoondoka kwa juhudi halali ni ugumu wa kawaida: fundi hayupo, ofisi imefungwa, mshenga kaumwa. Jaribu tena, hadi mara tatu. Kizuizi ambacho ili ukivuke ni lazima uongo, riba, kuvunja ahadi au kuwakosanisha wazazi, huo ni mlango uliofungwa; usiuvunje kwa nyundo. Na kukiwa kimya, hakuna kufunguka wala kufungwa, rejea karatasi yako: kazi ilifanyika? Watu waliulizwa? Tarehe ikifika bado kimya, fuata lile ambalo hesabu na washauri wameliunga mkono. Umeshaomba, huna haja ya ishara ya ziada ili utii akili aliyokupa Mwenyewe.

Hofu si jibu pia. Mtu yeyote anayetoa fedha nyingi moyo humdunda. Jipe siku tatu. Hofu ya kawaida hupungua ukiipatia taarifa zaidi, na ile isiyopungua hata baada ya kila swali kujibiwa ndiyo ya kuisikiliza.

Yanayoiharibu

La kwanza ni kumtuma mtu akuswalie. "Shehe, nifanyie istikhara" limekuwa ombi la kila siku, na baadhi ya wanaoombwa hutoza. Aliyefundishwa ni mwenye haja: "mmoja wenu akikusudia jambo". Shehe akuombee dua, akufundishe maneno; rakaa ni zako.

La pili ni kuchanganya na ramli, bao, au kufungua msahafu na kuchukua aya itakayoangukia kidole. Qur'ani imeharamisha kupiga bao kwa mishale (5:3 na 5:90), na istikhara ndiyo iliyokuja mahali pake. Hadithi ya Muslim inasema anayemwendea mtabiri na kumuuliza kitu hazikubaliwi swala zake siku 40. Wapo wanaokwenda kote kuwili, "kwa uhakika". Uhakika huo hauna mwenyewe.

La tatu ni kuificha istikhara nyuma ya kukataa. Baba hamtaki mchumba kwa sababu ya kabila, anasema "tumeswali, haikukubali". Kama sababu ni kabila, ataje kabila.

Baada ya uamuzi

Likishafanyika, acha kulipima kila jioni. Musa alimwona Khidhri akitoboa mashua ya maskini wafanyao kazi majini, akakasirika. Baadaye akaambiwa kulikuwa na mfalme anayenyang'anya kila mashua nzima (18:71 na 79). Wenye mashua hawakuambiwa kitu. Walibaki na mbao iliyotobolewa, na katika kisa chote hakuna aliyewafuata kuwaeleza.

Ukipata hasara baada ya istikhara iliyofanywa vizuri, hadithi ya Abu Huraira katika Muslim imetoa maneno ya kusema na ya kuacha. Ya kuacha ni "lau ningefanya hivi". Ya kusema ni "qadarullahu wa ma shaa faala": ni kadari ya Mungu, na alitakalo hulifanya. Lakini hadithi hiyohiyo, kabla ya maneno hayo, inaamrisha kupupia lenye manufaa na kutofanya uvivu. Kwa hiyo sema maneno hayo, kisha chukua karatasi ile ya mwanzo na uangalie hesabu ilipokosea. Ni usiku wa mbalamwezi uliousahau? Ni mgao ambao haukuandikwa? Andika pembeni yake, uitunze. Mwenzako atakuja siku moja kukuomba umkanye.

Na ukitaka kuiuza nusu yako ya chombo, hilo ni jambo jipya. Sentensi mpya, tarehe mpya, watu watatu, rakaa mbili nyingine.